Wimbo wa Mbuzi na Kinanda cha Akiru

Mjukuu wangu Akiru,

Ejok! Hapa Lodwar tu wazima, na mvua imenyesha kidogo. Majirani wote wanajua kwamba unatengeneza muziki kwa kompyuta huko Kakuma. Mimi ndiye niliyewaambia.

Unasema ukibonyeza kinanda, taa ya MIDI kwenye kompyuta inawaka kuonyesha imekusikia, lakini sauti ya filimbi uliyoichagua humo haitoki. Ufanye nini?

Nikiwa msichana, mbuzi wetu walichanganyika na wa watu kisimani. Nikawaita kwa wimbo wa kuitia ngamia wa baba, maana niliupenda sana. Wakainua masikio, wakabaki pale pale. Nikapaza sauti, wapi! Mama akacheka: "Wamekusikia, lakini hujawaita wao." Nikaimba wimbo wao. Wote wakachomoka katikati ya kundi, wakanijia.

Taa yako ndiyo masikio yale. Wewe mwenyewe uliniambia kila ala ina chaneli yake, kama mbuzi na wimbo wao. Basi usiongeze sauti. Tazama kinanda kinatuma kwa chaneli gani, na filimbi inasikiliza ipi, kisha uzifanye ziwe moja.

Halafu nitumie wimbo wako. Mimi sitainua masikio tu. Nitakuja Kakuma.

Nyanya yako anayejivunia wewe