Binti Yetu Anataka Kufunga Mashine ya Risasi kwenye Meza Yangu

Mama Pelagia mpendwa, nisikilize kwanza, halafu ukitaka unigombeze.

Mimi ni baba wa hapa mjini Grand Prairie, huku ughaibuni, nafanya kazi ghalani, tulitoka Kivu kwa sababu ya vita na mke wangu Orpa mpaka leo anashtuka mtu akibamiza mlango, sasa binti yetu Merveille, ana miaka ishirini, yuko kwenye timu ya shabaha ya chuo, wanarushiwa sahani za udongo hewani wanazipiga, na kusema kweli anajua, basi kocha wake akampa mashine ya mkono ya kujaza upya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, naye Merveille akaniomba aifunge kwenye meza yangu ya useremala kule gereji, meza niliyoitengeneza mwenyewe kwa mbao nene, nikamwambia hapana, risasi tulizikimbia, mama yako hatavumilia. Hakubisha. Akaibana kwa vibanio kwenye meza yake ya kusomea, ile nyepesi ya dukani, na Jumamosi aliposhusha mpini meza ikapinduka, mashine ikamwangukia mguuni. Nilipomkimbilia akasema, "Papa, nilikuomba wewe kwanza." Kidole kimevunjika, kitapona, lakini yale maneno yamenikaa. Nikimsaidia namsaliti mama yake, nisipomsaidia ataumia tena. Nifanye nini?

Bisimwa

Baba Merveille, pole, na mpe pole binti. Aliyekimbia risasi hana haja ya kujieleza kwa nini hazipendi. Lakini katika barua yako yote sijaona mahali ulipomuuliza Orpa. Umemsemea tu, ukajificha nyuma yake. Na binti yako hakukuficha kitu. Alikuja kwako kwa sababu anajua fundi wa nyumba ni nani.

Nilipokupigia juzi kuomba ruhusa ya kuchapa barua hii, ulimpa mkeo simu. Nikamuuliza mimi. Akasema, "Aifunge. Ila nataka kwanza nimuone mtoto akipiga hizo sahani. Hakuna aliyewahi kunialika."

Umesikia? Basi wapeleke wote wawili uwanjani, umnunulie Orpa vizibo vizuri vya masikio, na akitaka kuondoka katikati uondoke naye bila maneno.

Mkirudi, fanya kazi kifundi. Vibanio weka kando, na skrubu za mbao pia, zitang'oka. Toboa meza, pitisha bolti mpaka chini, weka bamba la chuma na washa pana, kile kipete bapa, kaza nati. Mashine ikae ukingoni, karibu na mguu wa meza, si katikati ambako ubao unanepa. Meza yenyewe ifunge kwenye nguzo za mbao zilizo ndani ya ukuta. Shusha mpini kwa nguvu zako zote kabla baruti ya kujazia maganda haijaingia gereji. Kikitikisika chochote, fungua uanze upya. Baruti ifungiwe kabatini, na ufunguo akae nao Orpa.

Na drili, Baba Merveille, mwachie binti atoboe. Wewe shikilia ubao.