Upana wa Gari la Zimamoto

Jumanne, 2 Julai

Ukaguzi wa mwezi. Kituo cha zimamoto kimefagiwa kama nyumba inayongoja wakwe. Mipira imeanikwa, ngazi ziko mahali pake. Mtungi mmoja wa hewa mshale wake ulikuwa chini. Nikauonyesha. Wakauweka pembeni ukajazwe.

Bado naona ajabu kuitwa mjumbe. Kamati ya wananchi ya kata inaangalia vifaa vya zimamoto na kusema ilichokiona, basi. Kiti kilikuwa cha marehemu mume wangu, Salumu. Alipofariki mwaka jana, mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kondo, akasema kisikae kitupu. Niliogopa. Nimeishia darasa la saba. Lakini macho ninayo.

Dereva wa gari ni mwanangu Zuhura. Alisimama wima mbele yangu, mikono ubavuni, akasema, "Shikamoo, mheshimiwa mjumbe." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia kioo cha pembeni kina vumbi. Akakifuta.

Nilirudi nyumbani na fahari mpaka nikasahau kununua nazi. Mchuzi chukuchuku.

Jumamosi, 6 Julai

Leo tulikuja kujaribu bomba la zimamoto la mtaani kwetu. Liko moja tu, kwenye kona ya msikiti, nalo ndilo linalojaza gari maji. Salumu alikuwa fundi rangi. Kila mwaka kabla ya Ramadhani alilipaka rangi nyekundu, hakuna aliyemtuma. Mwaka huu halikupakwa. Limebanduka kama ndizi iliyoiva sana.

Maji yapo, tena yana nguvu. Gari ndilo halikulifikia. Turubai la harusi lilifungwa toka ukuta hadi ukuta, limeziba njia nzima. Zuhura akasimamisha gari barabarani, bomba likawa linaonekana kwa mbali. Bibi harusi mwenyewe akatoka kuchungulia.

Mjumbe mmoja akasema tuandike bomba ni zima, twende zetu, turubai litaondoka kesho. Kesho litakuja la matanga, keshokutwa la maulidi. Bomba lisilofikiwa si zima. Nikasema hivyo.

Jumapili, 7 Julai

Mkutano wa mtaa. Nimefedheheka.

Nilisimama nikaomba turubai lolote lisogee upande mmoja, gari la zimamoto lipate kupita. Nyuma ya nyumba zetu majiko karibu yote ni ya makuti, na upepo wa kusi unavuma. Kwa harusi walikubali. Nilipotaja msiba wakaguna. Athumani, mwenye maturubai ya kukodisha, akauliza kama sasa watu watazikwa kwa ruhusa ya zimamoto. Wakacheka sana. Mwingine akasema namtafutia mwanangu njia ya kupitisha gari lake.

Hilo liliniuma. Nilikaa.

Mzee Kondo akasema jambo la msiba liachwe kwa wenye msiba. Mkutano ukafungwa kwa dua.

Salumu angejibu nini? Angewachekesha kwanza. Mimi sijui kuchekesha.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepita kituoni na kamba ya Salumu ya kupimia kuta. Bado ina chokaa. Zuhura akashika ncha moja, mimi nyingine, tukapima upana wa gari pamoja na vioo. Nikafunga fundo. Zuhura akasema niongeze kidogo, dereva naye ni binadamu. Nikafunga fundo la pili kupita lile la kwanza.

Sijui nitaifanyia nini kamba hii. Nimeitundika kwenye msumari wake.

Ijumaa, 12 Julai

Inna lillahi. Baba Rajabu, fundi baiskeli, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alfajiri, ghafla. Alimtengenezea Zuhura baiskeli yake ya kwanza na akakataa hela.

Kabla ya saa tatu turubai limeshafungwa, ukuta hadi ukuta. Wanakamati tukatazamana. Mzee Kondo akatazama chini. Waliokaa nje ni wanaume. Mwenye neno ni mjane, yuko ndani, ameanza eda, na mwanamume wa kando haingii kumwambia lolote. Nikaelewa kwamba ni mimi.

Sikutaka. Naandika wazi, sikutaka kabisa. Nilizunguka uani mara kadhaa, nikajifanya natafuta ndoo.

Halafu nikaingia. Mama Rajabu alikaa juu ya mkeka, kichwa kimefunikwa, wanawake wamemzunguka. Nikampa mkono wa pole, nikakaa. Nilikaa kwanza, muda mrefu. Nikamnong'oneza kuhusu turubai, na bomba, na gari.

Shangazi wa marehemu akanikata jicho.

Mama Rajabu akasema, "Mama Zuhura, alipofariki wako, nani alikuja kukwambia uvute turubai?"

"Hakuna."

"Na mimi waniambia leo. Hajazikwa."

"Nakwambia leo kwa sababu majiko ya matanga yanawashwa leo. Ukikataa sitakusema popote. Nitakuja na ndoo yangu nikae karibu na moto."

Akanitazama. Macho mekundu, makavu. Akamwita Rajabu mlangoni, akamwambia baba yake hakupenda kumzibia mtu njia, turubai livutwe.

Nikaileta kamba. Athumani alifungua mafundo ya turubai, akapima kwa kamba yangu, akafunga upya. Watu waliobaki bila kivuli wakahamia vibaraza vya jirani.

Mtani wa marehemu, mzee mmoja kutoka Kiwangwa aliyekuja na mzigo wa mananasi, akapaza sauti: "Huyu maisha yake yote alitandaza baiskeli njiani, ukimwambia sogea anakuuliza wewe nani. Leo amesogea mwenyewe!" Watu wakacheka na kulia. Nilisikia Mama Rajabu naye akicheka, kidogo, chini ya kanga.

Tumemzika baada ya sala ya Ijumaa. Allah amrehemu.

Jumapili, 14 Julai

Mikono inanuka moshi. Nimeiosha mara mbili.

Hitma ya Baba Rajabu. Wanaume chini ya turubai wanasoma, sisi uani tunapika pilau. Upepo ukageuka. Cheche ikaruka ukuta, ikatua kwenye jiko la makuti la Bi Tatu, mama mzee anayeishi peke yake nyuma ya pale. Makuti yakawaka yote kwa pamoja. Hayakungoja.

Bi Tatu tulimtoa, anauliza kuku wake. Ndoo zikapita mkono kwa mkono. Maji ya ndoo ni kama kumtemea mate simba. Moto ukaanza kulamba paa la nyumba ya pili.

Kisha king'ora, kutoka barabara kuu. Nilifikiri habari za kamba. Kama fundo nilifunga vibaya. Kama kuna pikipiki imeegeshwa.

Gari lilipofika mwanzo wa mtaa, king'ora kikazimwa. Zuhura alikizima. Aliona turubai, aliona wasomaji. Akaingia na taa tu inayozunguka, taratibu, kioo kikipita karibu na kamba za turubai bila kuzigusa. Waliokaa pembeni wakakunja miguu. Msomaji hakukatiza. Nilimsikia, aya ikaendelea mpaka mwisho wake, na gari likapita.

Askari wakaunga mpira kwenye bomba la kona. Maji yakaja.

Jiko la Bi Tatu limekwisha. Magodoro mawili na kuku kadhaa pia, na paa la jirani limeungua pembe. Nyumba zote zimesimama. Watu wote wazima.

Zuhura alishuka mwisho, uso mweusi kwa masizi. Akaenda kwanza kwenye turubai kumpa Rajabu mkono wa pole. Akanijia akasema, "Mama, kile kidogo ulichoongeza kwenye kamba ndicho kilichobaki." Alionyesha kwa vidole. Nafasi ya kiganja.

Nina fahari. Nimeliandika nilitazame. Fahari ya mwanangu, ya Mama Rajabu, ya hawa watu waliokunja miguu.

Jumanne, 16 Julai

Hakuna aliyeniambia nilikuwa na haki. Sikungoja waniambie. Mama Rajabu amemtumia Bi Tatu sinia la wali, na Rajabu na wenzake wanamfungia makuti mapya. Mzee Kondo anawahimiza wakatafute bati. Bi Tatu anasema jiko la bati linapika kama jehanamu, hataki.

Nimepeleka taarifa ya kamati. Bomba ni zima na linafikiwa. Mpira mmoja ulivuja kwenye maungio siku ya moto, ubadilishwe. Zuhura alinuna kidogo kwa hilo la mpira. Nikamwambia mimi ni mama yake jioni tu.

Jumamosi, 27 Julai

Asubuhi Athumani alibisha hodi. Ana maulidi ya kufungia turubai huko nyuma ya soko. Alisimama mlangoni akizungumzia upepo, bei ya miti, afya yangu. Mwishowe akaomba kamba. Nikampa. Akauliza airudishe lini. Nikasema akimaliza aitundike kwake, mimi nitakata nyingine.

Baadaye nikatoa burashi ya Salumu. Niliikuta juzi ndani ya kopo la maziwa, imekauka, ngumu kama ufagio. Nikailoweka kwenye mafuta ya taa mpaka leo. Imelainika upande mmoja.

Nimelipaka bomba. Salumu alikuwa akianzia juu, anashuka, na hakudondosha hata tone. Mimi nimedondosha. Watoto wa madrasa wakitoka wakasimama kutazama, wakaenda zao.

Rangi nyekundu imeingia chini ya kucha. Yake ilikuwa haitoki kamwe, hata Idi. Sijaisugua.