Mahari ni kwa Baba

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nehemiah ametuletea wafanyakazi wapya watano. Hawali, hawalali, hawaombi ruhusa ya kwenda kumzika shangazi — maneno yake mwenyewe, na huku ananitazama mimi! Ni ejenti wa akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazojifanyia kazi. Amewatia wote kwenye grupu moja ya simu na kuwapa majina. Mpokeaji anasoma ujumbe wa wateja. Hema anapanga mahema na viti, Gari anapanga lori, Sauti anapanga spika. Wa tano ni Kiranja, wa kuwaunganisha wenzake. Kazi yangu? Kukaa humo ndani na kuangalia wasikosane.

Wasikosane! Hao hata ukiwachongea hawakosani. Asubuhi Hema aliandika kwamba viti viko tayari. Gari akamshukuru. Hema akamshukuru Gari kwa kumshukuru. Sauti, ambaye hakuulizwa kitu, akawapongeza wote wawili. Nilienda kunywa chai, nikarudi, bado wanashukuriana. Mimi nimekodisha watu mahema mji huu wa Kakamega tangu nimalize shule, na hakuna aliyewahi kuniambia asante katika ofisi hii.

Jumanne, 5 Agosti

Alice ameaga dunia. Nimejulia kazini, kwenye ile grupu, katikati ya mahesabu ya viti. Alikuwa jirani yetu kabla hajahamia Bukura na mumewe Shikanga. Ndiye aliyenisuka nywele siku ya kipaimara changu, akinipiga kitana kichwani kila nikitingishika. Nililia kidogo chooni, nikanawa uso.

Ujumbe wa Shikanga nimeunakili hapa vilevile: “Mulembe. Ni Shikanga wa Bukura. Tunazika mama watoto Jumamosi. Reteni hema na viti. Mahari ni kwa baba, si kwangu, kwangu kuna matope.”

Mtoto yeyote wa huku anaelewa. Kwetu r na l huazimana nguo. Mzee anasema mahali — hema lipelekwe kwenye boma la marehemu baba yake. Basi! Lakini Mpokeaji akaandika: “Hafla: mazishi pamoja na mahari. Mahari atapewa baba wa mke.”

Nikaandika kwa herufi kubwa: SI MAHARI, NI MAHALI! Wote watano wakanishukuru kwa ufafanuzi. Nikapumua. Kumbe bado. Kiranja akatangaza kwamba wanachama wanne wanasema mahari, mmoja anasema mahali, na je, Maurine, unakubali tuongeze hema la pili la kuwapokea wakwe? Kura! Neno la mtu aliyezaliwa huku limepigiwa kura na mashine nne ambazo hazijawahi kukanyaga Bukura!

Nikajibu, “Haya, sawa! Endeleeni tu!” Nikaitupa simu mezani na kwenda kumshtakia Nehemiah. Akasema ataangalia.

Jumatano, 6 Agosti

Ameangalia. Amenifungia mimi!

Sasa naweza kusoma grupu lakini siwezi kuandika. Eti nawachanganya. Eti wao wameelewana vizuri, mwenye kelele ni mmoja. Nikamwambia, bosi, hao hawajui mahari ni kitu gani kwenye matanga ya Mluhya. Akasema nimwandikie hayo kwa barua pepe.

Barua pepe! Anakaa mlango wa pili.

Alhamisi, 7 Agosti

Sasa wamevuka mpaka!

Shikanga alikuwa ametuma nambari za simu za kamati ya mazishi, za upande wake na za upande wa wakwe, ili wajue lori litafika lini. Leo asubuhi Kiranja amewaandikia wote: “Poleni kwa msiba. Tunathibitisha kuwa mahari ya marehemu Alice atakabidhiwa baba yake siku ya mazishi, Bukura. Hema la wakwe limetayarishwa.” Chini yake wenzake wanne wakampongeza kwa lugha ya heshima.

Huku kwetu neno hilo halichezewi. Ukiwatajia wakwe mahari penye msiba, kisha wafike wakute mikono mitupu, jeneza halitoki nyumbani. Nimeona kwa macho yangu maiti ikilala siku nyingine nzima, watu wakibishana nje.

Nikampigia Shikanga. Nikamsomea ujumbe wote. Kisha akauliza kama wakwe nao wamepata. Nikasema wamepata. “Uui,” akasema. “Sikukataanga, msichana wangu. Nilikuwa nasemanga mwaka ujao. Na Alice alikuwa ananiambianga, enda tu umwone baba, hata na kuku. Hata na kuku, Maurine.”

Sikujua! Watoto wamekua, mjukuu yupo, na mtu hajawahi kuwaendea wakwe zake na mahari. Nimemkasirikia yeye pia, na kumwonea huruma papo hapo.

Nikampigia Osiako, kaka ya Alice, kule Mautuma. Nikamweleza kwamba ni makosa ya mashine, kwamba mzee alitaka kusema mahali. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, “Dada, makosa ni ya huyo shemeji yetu, tangu zamani. Hii mashine ndio ya kwanza kutuheshimu. Baba amesikia, ameitisha koti lake. Hajatokanga kwa nyumba tangu augue miguu. Sasa nani atamwambia arudishe koti? Wewe?”



Ijumaa, 8 Agosti

Nehemiah ameniita ofisini. Nilidhani anataka kuomba radhi. Akanigeuzia kompyuta: jina langu, na mbele yake, “Haya, sawa! Endeleeni tu!” Kiranja ameandika chini: Maurine ameidhinisha.

Nimeidhinisha! Kuna Mkenya asiyejua “haya, sawa” ya namna hiyo? Mama akikuambia “haya, sawa, enda tu,” unaenda wapi? Unakaa chini! Nehemiah mwenyewe mkewe akimwambia hivyo kwa simu, huwa anafunga ofisi mapema. Nikamwambia hayo usoni. Akakohoa. Akanifungulia grupu na kusema, sasa rekebisha.

Nikaandika: “Ondoeni neno mahari. Watangazieni wote kwamba tulikosea.” Kiranja akanishukuru na kusema watajadiliana. Wamejadiliana mchana kutwa. Hema anahofia tangazo la pili litawachanganya wateja. Sauti anakubaliana na Hema. Gari anawashukuru wote kwa mchango wao.

Kesho naenda Bukura mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nyuma ya spika, kwenye kiti cha kampuni. Sina pa kupeleka mikono.

Mahema mawili meupe yametazamana uwanjani. Lile la pili halikuhitajika, na sasa ndilo lililojaa. Wakwe wamefika na gari lao. Baba ya Alice amekaa mbele, koti la rangi ya kahawia limefungwa vifungo vyote, fimbo katikati ya magoti. Hajalia, hajamsalimia mtu. Anangoja tu. Misa imekwisha, kaburi liko tayari nyuma ya migomba, wingu linakuja kutoka upande wa msitu. Padri anatazama juu.

Osiako na ndugu zake wamesimama mlangoni mwa nyumba yenye jeneza, wameuziba. Hawakupiga kelele. Amemwambia tu padri kwamba kuna ahadi, na wao ni wageni walioalikwa. Akainua simu aone.

Nikasimama. Nikasema mbele ya watu wote kwamba kosa ni la ofisi yetu, Shikanga hakuahidi kitu.  Baba ya Alice akanigeukia, na Shikanga akasema kwa upole, “Keti, msichana wangu.” Kisha akazunguka nyuma ya nyumba. Tukadhani amekimbia! Shangazi mmoja akashika kichwa.

Amerudi sasa hivi na ng'ombe. Yule mwekundu wa Alice. Alikuwa akimkama mwenyewe, hata akiwa mgonjwa. Shikanga amevuka uwanja naye katikati ya viti, amepiga magoti chini na suti yake mbele ya baba mkwe, na amemnyooshea kamba kwa mikono miwili.

“Baba,” amesema, “nimecherewa.”

Hakuna aliyecheka.

Na papo hapo simu zimelia! Yangu, ya Osiako, za hema hili na za hema lile, zote pamoja. Kiranja. Huyu Kiranja! “Je, mahari amekabidhiwa baba? Tafadhali mmoja wenu ajibu NDIYO au HAPANA ili tufunge kazi hii.”

Watu wananitazama. Osiako ametoka mlangoni hatua moja, anatingisha kichwa. “Dada, usijibu. Huyo akae hapo angoje kama sisi tulivyongojanga.”

Sijajibu. Simu imelia tena: asanteni kwa subira yenu. Mzee ameilaza fimbo yake kwenye majani. Mikono yake iko wazi magotini, na bado hajaishika kamba.