Pikipiki Haikukuua

Riziki mwanangu,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo usije ukadhani nimekuja kukulilia. Kulia nimekwisha kulia. Anayeandika ni Neema, binti yako, maana mimi shule niliipita tu njiani nikienda shambani. Nimemwambia asipunguze neno. Akipunguza nitajua, kwa sababu atanisomea.

Ulinidanganya, Riziki. Na uongo wenyewe ukautwisha pikipiki.

Pikipiki uliyoipenda vile. Tuliifuata mpaka mji wa Buffalo, huku huku Marekani, na kamyo ya kukodi ya kubebea mizigo, mimi mbele na sambusa mapajani, nakugombeza njia nzima: mwanamke mzima, kazi yake kuogesha wazee wa watu, leo anataka pikipiki ya mbio ya Waitaliano, tena imezeeka kuliko binti yake. Wewe unacheka tu. Tulipofika kwa yule mzee wa Kizungu aliyeiuza, kitu cha kwanza uliweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa baridi. Ukaniambia, "Vizuri. Muuzaji akiipasha moto kabla hujafika, ujue kuna kitu anaficha." Ukachungulia tangi kwa tochi, unatafuta kutu. Ukauliza mikanda ya ndani ilibadilishwa lini. Ilipowaka nikasikia maharage makavu yanatikiswa ndani ya sufuria, nikakuvuta mkono, twende, hii imeharibika. Ukasema, "Hapana, Mama. Hiyo ni klachi, ndivyo ilivyozaliwa. Inapiga kelele kama wewe, na ni nzima kama wewe."

Donc, kumbe ulijua. Ulijua vizuri mtu anayeficha kitu anafanyaje.

Tuliporudi nyumbani Louisville, garaje ikawa chumba chako cha pili. Ile mikanda miwili uliibadilisha kila miaka miwili, hata kama pikipiki haikutembea. Mimi nakushikia taa, nakuuliza, mbona huu bado mzuri, si uuache uishe? "Huu haungojwi uishe, Mama. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni, injini yote imekwenda." Wakati wa theluji uliifunika blanketi langu, bila kuniomba, na betri ukaichomekea chaja yake ndogo. Chuma ulikipa tarehe zake zote. Na wewe je? Nani alikuwa anakuangalia wewe?

Bon, haya. Ukaja kuniambia pikipiki imekuangukia ukiitoa nje, ndiyo maana kifua kinauma. Nikaamini. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikakukanda jioni baada ya jioni. Kila mkono wangu ukikaribia titi la kushoto unausogeza. "Si hapo, Mama." Mikono hii imekuogesha tangu siku uliyozaliwa, na wewe unaionyesha njia ya kupotea. Kisha nikaenda garaje nikaipiga pikipiki teke, kidole cha mguu kikavimba wiki nzima. Uliniona nachechemea. Ukaendelea na uongo wako.

Ulikuja kusema umelala hospitalini, zimebaki siku tatu. Kansere ya titi. Mwaka mzima na zaidi unajua. "Mama, watu wa kanisa wasijue. Sema ni pikipiki." Nikakubali. Nani anamkatalia mtoto anayekufa? Hata hilo limenikasirisha, kwamba uliniomba saa ambayo sikuweza kukukatalia.

Basi, kilio kilipokwisha tukafanya kikao cha familia Columbus, nyumbani kwa kaka yako Amani, kugawa vitu vyako. Amani akasimama, macho mekundu. "Lile chuma limemuua dada yangu. Lipelekwe kwenye vyuma chakavu." Mchungaji akaitikia kwa kichwa. Mke wa Amani akaongeza kwamba mwanamke hakalii kitu kama kile kikamwacha salama. Nikanyamaza, Riziki. Nililinda neno lako.

Halafu nikamwona Neema amekaa chini, kofia yako ya pikipiki mapajani, anaamini kila kitu. Kule hospitalini muuguzi mmoja Mrundi alikuwa amenivuta pembeni: Mama, ugonjwa wa namna hii unaweza kutembea katika damu ya ukoo, binti yake apimwe mapema. Sasa mtoto aliyeambiwa mama yake aliuawa na pikipiki ataenda kupimwa nini?

Nikasimama. "Pikipiki haikumuua. Ni kansere ya titi. Yeye alinificha, na mimi nimewaficha ninyi." Mke wa Amani akaninong'oneza, "Mama, habari za titi mbele ya wanaume?" Nikamwambia kwa sauti, "Kwani hawa wanaume walinyonya kiwiko?" Amani alitaka kucheka, akaishia kulia.

Neema hakulia. Alinitazama mimi bibi yake, akasema, "Koko, ulijua?" Akaacha kunisemesha siku nne. Hasira ya siku nne zile ilikuwa yako, mwanangu, nikaibeba mimi.

Ndiyo, neno lako nimelivunja. Sikuombi msamaha. Ungekuwa hai ningelivunja mbele yako, nikakuzaba kofi moja la mama, kisha nikakupikia sombe, yale majani ya muhogo.

Pikipiki iko palepale garaje. Jumamosi Amani alitoka Columbus kuja kubadilisha mikanda, wakati wake ulikuwa umefika. Alikaza nati vibaya, Neema akamnyang'anya mjomba wake spana: "Tonton, unaiumiza." Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo, nikakutukana kimoyomoyo mpaka machozi yakanitoka. Neema hapa ameacha kuandika kidogo. Haya, ameendelea.

Alhamisi ana miadi ya kupimwa. Anaogopa, anajifanya haogopi. Ameniambia nimngoje kwenye viti vya nje, eti ni mambo yake. Sitangoja nje. Nitaingia naye, nitakaa karibu na kitanda, na nisipoelewa nitauliza, na nikijibiwa haraka nitauliza tena, hata daktari anichoke.

Pumzika, Riziki. Siku tukionana nitakugombeza kwanza, kukumbatiana baadaye. Lakini hili nakuahidi, na hili silivunji: huyu mtoto hatabeba kitu mwilini mwake peke yake nikiwa hai.

Mama yako