Tafsiri ya Thabiti

Jumapili, 8 Juni 2025
Leo kibanda cha video cha Thabiti, sinema ya Waingereza ya zamani, nyeusi na nyeupe. Daktari kamsukuma mama mzee ngazini! Mtoto wa kike kachungulia mlangoni, kaona kila kitu. Akisema, hakuna anayemwamini.

Basi Thabiti kashika maiki anatafsiri, na Kiingereza chenyewe hajui! Eti mama mzee kateleza, daktari alitaka kumdaka, mtoto ni mwongo. Watu wote wakamzomea mtoto. Nikapaza sauti: si mikono ya daktari tumeiona ikimsukuma? Baba mdogo Jastini akageuka: nyamaza, usibishane na wakubwa.

Umeme ukakatika. Mwisho ni Jumatano. Khaa!

Jumatatu, 9 Juni
Ndoo mbili za usipa wa Bibi, dagaa wa ziwani, zimepotea. Lawama zote kwa Dada Saida, anayetuanikia. Mimi mchana nimemwona Baba mdogo akizifunga kwenye bodaboda! Usipa wa mama yake mzazi!

Nimemwambia Mama. Kanifinya sikio. Kibanda kimekuharibu, unamsingizia mwenyekiti wa jumuiya?

Ugali sikumaliza. Hasira.

Jumatano, 11 Juni
Polisi kamfunga daktari pingu. Pingu! Thabiti: anapelekwa mjini kupewa zawadi! Watu makofi, Baba mdogo kuliko wote. Sasa hayo macho ni ya nini?

Ijumaa, 13 Juni
Jumuiya imesali kwetu leo. Baada ya sala wakamsimamisha Dada Saida. Asipojitetea, kazi hana, na ana watoto watatu.

Bibi Kiswahili hakimpandi, anasikia Kinyasa tu. Anayemtafsiria nani? Baba mdogo!

Dada Saida analia: sijachukua, nilikuwa bombani nachota maji, muulizeni hata jirani Veneranda, tulikuwa wote. Baba mdogo akamgeukia Bibi, kwa Kinyasa: anakiri, anaomba msamaha.

Jamani! Pale wote wanajua lugha zote mbili. Wote! Wakaangalia mkeka. Veneranda naye akaangalia mkeka.

Bibi akasikitika: basi, aondoke leo.

Nikasimama. Mama akanivuta gauni. Bibi akaniona, akaniuliza kwa Kinyasa: mjukuu wangu, mbona umesimama? Kabla sijafungua mdomo, Mama: Anjela, kalete chai!

Niko jikoni. Chai imechemka zamani. Bibi ananiita — mara ya pili hii.