Saa ya Baba Mkwe "Imepotea" Saa Sita: Ninunue Kamera Ipi?

Mpendwa Bibi Hosiana,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua, maana hapa Korogwe nimeshachekwa vya kutosha, na aliyeanza kunicheka ni mama yangu mzazi.

Mimi ni kijana wa miaka thelathini na kitu, nina studio ya picha jirani na stendi ya mabasi, napiga paspoti, harusi na mahafali, na kwa kazi hiyo sijawahi kulala njaa, lakini tangu mwaka jana nimeingiwa na mapenzi ya saa za zamani, zile za mkononi zisizo na betri, za kuzungusha kichwa, kile kifundo cha pembeni mwa saa, kila asubuhi ndipo zitembee, na nimejiunga na kundi la WhatsApp la wapenzi wa saa hizo, wengine wako Dar, wengine Nairobi, mmoja anasema yuko Uswisi ingawa akituma ujumbe wa sauti nasikia muuza mihogo akipita nyuma yake, na humo kundini mtu haheshimiwi kwa saa aliyo nayo, anaheshimiwa kwa picha ya saa, tena picha ya karibu kabisa, mpaka vumbi lililolala juu ya tarakimu lionekane kama kokoto.

Sasa mchumba wangu Ikram ni mtu wa Handeni, na baba yake, Mzee Abdi, ana saa ambayo siku ya kwanza nilipoiona nilisahau hata kutoa shikamoo. Aliinunua ujanani alipokuwa mpiga kengele wa zamu kwenye shamba la mkonge, na wazee wa huko mpaka leo wanasema shamba zima lilikuwa linaamka kwa mkono wa Abdi. Uso wa saa umegeuka rangi ya chai ya maziwa, jina la kiwanda limefifia lakini linasomeka, kwa kweli ni saa ya kumtoa mtu machozi, basi nikamwomba niende nayo nikaipige picha, nia yangu ikiwa ni kumpelekea picha kubwa yenye fremu siku ya posa, na pia, sitaficha, kuwanyamazisha wale wa kundini. Mzee akaivua mwenyewe akanikabidhi, akasema, "Nenda nayo, ila irudi inatembea vile vile."

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Simu yangu nikiisogeza karibu inauona mkeka vizuri kuliko saa. Kamera yangu ya harusini nayo haikubali kuona kitu kilicho karibu, inataka nirudi nyuma hatua nzima, na nikirudi saa inabaki ndogo kama kidonge cha malaria. Picha moja tu ilitoka safi, nikaituma kundini kwa majigambo, na yule jamaa wa Uswisi akaikuza, akauliza kama kile kilicho katikati ya kioo ni nembo ya kiwanda au ni pua yangu. Ilikuwa pua yangu. Bibi Hosiana, tangu siku hiyo nimetazama video, nimesoma, nimeuliza, na kundi limegawanyika kambi mbili ambazo hazisalimiani: kambi moja inaniambia ninunue kamera ndogo ya mfukoni, ambayo lenzi yake haitoki, inasogea mpaka inakaribia kugusa kioo na kila kitu kinaonekana kuanzia mishale hadi mkanda, ila kamera yenyewe inaitia saa kivuli, na kambi ya pili inaniambia ninunue kubwa yenye lenzi ya makro, picha inatoka laini na ya kupendeza, ila ukilenga jina la kiwanda mishale inakuwa ukungu, na ukilenga mishale jina linapotea.

Katika kuhangaika huko nikagundua jambo jingine, kwamba saa ya mzee ilikuwa imepotea. Asubuhi simu yangu ikisema 7:00, mshale mfupi wa saa ya mzee uko kwenye moja, na simu ikisema 10:00, wa mzee uko kwenye nne, kila siku hivyo hivyo, saa sita kamili, haizidi wala haipungui. Nikamhurumia mzee wa watu, kuishi miaka yote hiyo na saa iliyopotea na asipatikane mtoto hata mmoja wa kumwambia. Nikaitengeneza ikalingana na simu.

Siku ya posa ikafika, na kwa desturi yetu mwenye kuposa haendi, anakaa nyumbani akingoja habari, basi nikaiweka saa kwenye kijisanduku chenye kitambaa chekundu ndani, nikamkabidhi baba mkubwa aliyeongoza msafara, nikamwagiza amwambie Mzee Abdi mbele ya watu wote kwamba mkwe wake mtarajiwa ameona saa yake imepotea saa sita na ameirekebisha, maana nilitaka ajue anapata kijana wa aina gani. Wakakodi gari, Noah, wakaondoka alfajiri, Mzee Abdi alikuwa amewaita saa nne asubuhi, na saa nne kamili walikuwa mlangoni.

Yaliyofuata nimesimuliwa na mama mkubwa Mwaija, aliyekuwemo msafarani, ambaye mpaka leo akitaka kuyasimulia anakaa chini kwanza. Anasema baba mkubwa aliutoa ujumbe kama nilivyomwagiza, mzee akafungua kijisanduku, akaivaa saa, akaitazama, akawatazama wageni, kisha akauliza kwa upole kwamba aliwaita saa ngapi. Baba mkubwa akajibu, saa nne. Mzee akamnyooshea mkono wenye saa.

"Saa yangu mliyonirekebishia inasema kumi," akasema. "Mmechelewa kutwa nzima."

Baba mkubwa akamwonyesha jua, ambalo lilikuwa bado halijavuka paa la jirani, mzee akamjibu kwamba jua si lake, chake yeye ni hiki kilichopo mkononi. Akawahimiza waende haraka msikitini, alasiri isije ikawapita, akawaaga vizuri sana, akafunga mlango. Wageni wakarudi Korogwe na posa yao, na pilau mama mkubwa aliiacha inanukia jikoni. Baba mkubwa hasemi nami. Nikiingia anatoka.

Juzi Ikram amenipigia simu. Hakulia, na hilo ndilo linaloniogopesha. Alisema, "Baba anataka uje mwenyewe kabla ya Ramadhani, umsomee saa. Ukikosea, mambo yetu yameishia hapo." Nikamuuliza ni saa gani hiyo ya kusomewa wakati mzee anaona vizuri kuliko mimi, akakata simu.

Nampenda Ikram, Bibi, sina mwingine na sitaki mwingine. Nadhani uzee umeanza kumsumbua baba yake. Wazo langu ni nisiende mikono mitupu, kwanza ninunue kamera, niende nayo Handeni, niiazime tena ile saa kwa siku chache tu, nipige picha itakayomlainisha moyo. Sasa ndipo ninapoomba busara yako, maana Ramadhani inakaribia na kundini hawajaafikiana: ninunue ndogo au kubwa?

Wako mwenye mawazo,
Mustapha, Korogwe


BIBI HOSIANA ANAJIBU

Marahaba, Mustapha. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ulinikataza lakini nilicheka. Mara ya pili nilimwonea huruma Ikram.

Uzee haumsumbui Mzee Abdi hata kidogo. Hebu niambie, jua likichomoza, ikapita saa moja, wewe unasema ni saa ngapi? Unasema saa moja. Simu yako imeandika saba, mdomo wako unasema moja, na kila siku unageuza kichwani bila kujua kwamba unageuza, kama tunavyofanya wengi wetu. Mzee Abdi hataki kugeuza. Aliiweka saa yake iseme anachokisema yeye: ikifika saa nne, mshale uko kwenye nne, basi. Marehemu baba yangu kule Mpale aliiweka hivyo hivyo saa yetu ya ukutani, na mgeni aliyejifanya kuikosoa hakuongezwa chai. Wewe mwenyewe umeona saa sita kamili, haizidi wala haipungui, siku baada ya siku, na bado hukujiuliza ni saa mbovu gani hiyo inayopotea kwa adabu namna hiyo.

Sasa tazama ulichokifanya. Mtu aliyeliamsha shamba zima la mkonge kwa mkono wake, umemtumia ujumbe mbele ya wazee wa pande zote mbili, siku ya kumwomba binti yake, kwamba maisha yake yote alikuwa anapiga kengele kwa saa ya uongo. Hakukutukana. Posa hakuivunja. Alichofanya ni kukutii tu, akaifuata saa yako neno kwa neno mpaka kwenye alasiri. Ningekuwa mimi, baba yako mkubwa angerudi Korogwe ameloa maji. Ulipoichukua saa uliambiwa irudi inatembea vile vile. Wewe ulisikia "inatembea," na "vile vile" ukaiacha huko huko Handeni.

Hata hivyo sikuoni kuwa mtu mbaya. Ulitaka kumfurahisha mzee kwa picha yenye fremu, na wakwe wengi hawajawahi kuletewa hata kalenda. Tatizo lako ni kwamba uliitazama saa kwa karibu mno, mwenye saa hukumtazama kabisa. Na huyo jamaa wa Uswisi anayeuziwa mihogo dirishani asikupangie maisha.

Kuhusu kamera, nimemuuliza Deogratius, mpiga picha wetu hapa gazetini, akacheka mpaka akavua miwani. Anasema usinunue ndogo wala kubwa, kamera unayo. Unachokosa ni lenzi ya makro itakayoingia kwenye hiyo hiyo ya harusini, na kama hiyo itakushinda, tafuta ile pete tupu inayokaa kati ya kamera na lenzi, nayo itaifanya ione karibu. Weka kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, usiishike mkononi. Zima flashi, kaa dirishani, tundika shuka jeupe mwanga upite humo. Libane tundu la lenzi liwe dogo, ndipo mishale na jina la kiwanda vitakubali kuonekana pamoja. Na mbele ya lenzi simamisha karatasi nyeusi yenye tundu la kuchungulia kamera tu, pua yako ibaki usoni mwako. Mambo ni hayo. Umeyahangaikia wakati mchumba anakuponyoka.

Lakini hata hiyo pete usiinunue sasa. Kwanza nenda kwa baba yako mkubwa leo jioni, hata akitoka mfuate nje, umwombe radhi kwa aibu uliyombebesha kwenye kijisanduku chekundu. Yeye hakujua alichobeba. Kisha nendeni Handeni wote wawili, wiki hii, kamera ibaki studio. Toa shikamoo kabla hujatazama mkono wa mtu. Omba msamaha, na katika huo msamaha neno "lakini" lisiwemo. Usimweleze mzee habari za simu, wala mitandao, wala dunia inavyohesabu saa, anazijua tangu kabla hujazaliwa.

Akikuvulia saa, ipokee kwa mikono miwili. Kivute kile kichwa taratibu, mbele ya macho yake, rudisha mshale nyuma saa sita, uwe kama ulivyoukuta siku ya kwanza, umrudishie. Akikuuliza ni saa ngapi, usipapase mfuko. Soma mshale ulipo: ukiwa kwenye tano, sema saa tano. Mtihani wa Mzee Abdi ndio huo, mwanangu, na mtoto wa darasa la pili asingeukosa. Picha usiitaje. Akiitaja mwenyewe, mwambie ungependa kumpiga yeye akiwa ameivaa.

Baada ya hapo nyamaza. Siku ya posa ataitaja yeye, wewe usiiharakishe. Na akisema saa nne, wazee wako wafike saa tatu.