Kipkirui Ameacha Mvuke wa Olkaria, Ameshika Mwiko

S.L.P. 41,
Kuresoi, kupitia Molo.
25 Novemba 2025

Mpendwa mpwa wangu Jepchumba,

Chamgei! Anayekuandikia si mtu mdogo tena, kwa hivyo kaa chini kwanza ndio usome. Tangu mwezi huu, Naivasha hakuna posa inayopita bila mimi kuulizwa, na huko kando ya ziwa kuna watu wananiita Mkurugenzi. Hayo nitafikia. Kwanza salamu.

Unaendeleaje huko Doha? Joto limepungua ama bado linakaanga watu? Na ule mgongo uliokuwa unakusumbua umepona? Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu. Anti yako Chepkirui anakusalimu sana. Ng'ombe mwekundu amezaa, ndama mkubwa mpaka daktari wa mifugo akauliza kama ni wa mwaka jana. Viazi navyo usiniulize. Kiazi kimoja kililisha kwaya nzima, na wale wa sauti ya nne wakabakisha.

Sasa jambo lenyewe. Ndugu yako Kipkirui ameacha kazi Olkaria.

Soma tena kama hujaamini, hata mimi niliuliza mara mbili. Mtu alikuwa fundi wa mabomba ya mvuke, kofia ngumu kichwani, basi la kampuni linamchukua barabarani kila asubuhi. Ameacha, anapikia watu. Na si hotelini, heri ingekuwa hoteli. Anabeba visu vyake kwa begi mpaka nyumba ya mtu, anaingia jikoni ya mtu, anampikia mwenye nyumba chakula chake mwenyewe, anaosha vyombo, anaenda. Nilishtuka mpaka kikombe cha chai kikanitoka mkononi. Mwanaume aliyetahiriwa, Jepchumba! Mimi tangu nitoke jandoni sijavuka mawe matatu ya jiko la mtu. Nikitaka chumvi, naita.

Wanasema ilianza wakati maji ya ziwa yaliingia Kihoto, ule mtaa anaokaa Naivasha. Chumba chake kilijaa, akahamia darasa la shule pamoja na majirani, akawapikia wote kwa sufuria moja. Mama mmoja wa Kiislamu wa pale mjini, Mama Kuluthum, alileta mchele wa msaada, akaonja. Akamwambia, "Mwanangu, mkono huu unauchoma bure na mabomba." Basi. Neno moja la mama wa watu, na kijana akaharibika.

Mama yako Jerotich alilia siku nzima, halafu akanituma. "Micah, wewe ndiye mjomba. Nenda umlete nyumbani apande viazi." Na unajua kwetu mjomba akinuna si mchezo. Nikampigia Kipkirui, nikamwambia apange nguo, nakuja kumchukua. Akaniomba kitu kimoja tu. Ijumaa alikuwa na kazi kubwa kwa huyo Mama Kuluthum, wakwe wanakuja kumposa binti yake Sumeya. "Njoo uone, mjomba. Ikiharibika, nabeba begi narudi na wewe." Nikakubali. Mtu wa cheo changu lazima awe na haki.

Sasa, mimi si wa kwenda kwa watu mikono mitupu. Nilibeba gunia la viazi, na siku iliyotangulia nikachinja yule mbuzi wangu dume, yule ambaye hata mbwa walikuwa wanampisha njia, nyama yake ikajaza gunia la pili.

Nilifika kwa Mama Kuluthum jua likiwa limeshapanda. Wee! Jikoni ya hiyo nyumba inashinda kanisa letu, na jiko linajiwasha lenyewe ukiligusa na kidole. Kipkirui amevaa nyeupe mpaka shingoni, nikadhani ni daktari wa meno. Alikuwa huko ndani anaosha mchele wakati mtu wa bodaboda alifika mlangoni na nyama kutoka bucha ya mjini. Nikamwambia, "Rudisha hiyo, kijana. Leo hapa wanakula mbuzi wa Kuresoi." Akarudisha. Nikajiona nimeshaokoa kazi kabla haijaanza.

Mama Kuluthum akatoka kunisalimu. Mama wa heshima, na Kiswahili chake kinatiririka mpaka unaogopa kujibu. Akatazama gunia langu la nyama pale mlangoni.

"Karibu sana mzee wetu. Mbuzi huyu kamchinja nani?"

"Mimi mwenyewe, mama! Na mkono huu. Na nilimwombea kwanza kwa jina la Yesu, maana mimi ni mzee wa kanisa."

Wewe unayeishi Doha najua umeshashika kichwa. Mimi sikujua. Kwetu mbuzi akishaombewa, kumebaki nini?

Kipkirui akatoka na mikono ya maji, akaangalia gunia, akaniangalia mimi. Hakupiga kelele, na heri angepiga. "Mjomba," akasema, "umenimaliza." Tukampigia yule wa bucha. Nyama imeshachukuliwa na mteja mwingine, na yeye anafunga mapema aende sala ya Ijumaa. Kila bucha ya Kiislamu tuliyopigia ilikuwa inafunga. Na wageni wenyewe wangetoka hiyo hiyo sala waje moja kwa moja mezani.

Mama Kuluthum ndiye aliyenisitiri. "Umekosea kwa moyo mweupe, baba. Itolewe tu nje, haijagusa vyombo." Nikaitoa mwenyewe. Mbuzi wa heshima vile akaishia kwa walinzi wa nyumba ya jirani, na nasikia walikula mpaka wakasahau kufunga geti.

Nilijua imeisha. Kichwani nilikuwa nimeanza kumfungia Kipkirui begi, na mama yako nimeshamwonyesha mtoto wake. Lakini badala ya kufurahi, moyo ukanikataa, kwa sababu alikuwa ameangushwa na mimi, si na sufuria.

Kumbe kijana amesimama dirishani anatazama ziwa. "Mama, samaki hana neno?"

"Samaki hana neno kabisa, mwanangu," Mama Kuluthum akasema, akacheka.

Jalal, kaka yake Sumeya, akarukia pikipiki mpaka kwa wavuvi, akarudi na samaki mikia bado inapiga. Kipkirui akawachoma kwa makaa, akawapaka tui la nazi zito, akawageuza, akawapaka tena. Mchele akauchemsha na nazi pia. Na viazi vyangu, Jepchumba, viazi vya Kuresoi, wakavichovya kwa unga wa manjano wakavikaanga, ndio wanaita viazi karai. Hapo mimi nikachukua usimamizi wa idara nzima ya viazi, ndipo wakaanza kuniita Mkurugenzi. Bila mimi, nakwambia ukweli, hiyo posa ingelala njaa.

Wageni wakaja, mzee Shariff mwenye nyumba akawakaribisha, sahani zikapelekwa. Nikatega sikio nyuma ya mlango. Kimya. Hakuna anayeongea. Nikamnong'oneza Kipkirui, "Wameikataa."

"Mjomba, tulia. Hiyo ndiyo sauti yenyewe."

Halafu tukasikia, "Aliyepika ni nani? Aje." Alikuwa babu yake kijana anayeoa, mzee wa kofia na ndevu nyeupe. Alimshika Kipkirui mikono yote miwili mbele ya wanaume wote, akaiombea. Mimi nimeona watu wakiombea mvua, nimeona wakiombea ng'ombe na hata tingatinga. Mikono ya mpishi sijawahi kuona. Na ile mikono ilikuwa ya mtoto wetu, Jepchumba, na bado ilikuwa inanuka samaki.

Posa ikakubaliwa. Kwa harusi, Mama Kuluthum amesema hataki mpishi mwingine, na wageni wawili walichukua namba ya Kipkirui kabla ya kuvaa viatu.

Kwa hivyo nilirudi peke yangu. Mama yako alikuwa ananingoja getini. "Yuko wapi?" Nikasema amebaki. Nikaanza kumweleza habari za mzee na mikono, akanikata: "Nimekutuma ulete mtoto, unaniletea hadithi ya samaki." Tangu siku hiyo hanisemeshi. Kanisani amehamia viti vya upande wa pili. Simu ya Kipkirui haishiki, na kijana anapiga kila jioni.

Hiyo ndiyo imenifanya nishike kalamu. Mimi hawezi kuniamini, anasema maneno yangu lazima uyagawanye mara tatu. Wewe anakusikia. Mpigie, mwambie huyo mtoto hajapotea. Mwombe amruhusu apike Krismasi hapa nyumbani, mara moja tu. Asiseme kitu, aonje tu. Mimi nitaleta samaki, mbuzi nimewaachia wengine.

Gogo anakusalimu, anasema umemtupa na wewe ndiye mjukuu wake. Kibii amefaulu mtihani wa dereva, ng'ombe wa barabarani wajiombee. Msalimie yule msichana wa Kericho mnayekaa naye. Mungu akufunike na kivuli huko kwa jua, akurudishe ukiwa mzima na mnene.

Mjomba wako anayekukumbuka hata akiwa ameshiba,

Micah (Mkurugenzi)

N.B. Kuhusu ule usimamizi wa viazi. Sumeya alipiga picha na nasikia inatembea kwa simu za watu, kwa hivyo heri usikie kutoka kwangu. Yule mzee wa aproni ya maua ni mimi. Maisha yangu yote nimelima viazi, na kumbe sikuwa nimewahi kumenya hata kimoja. Msichana anayemsaidia Kipkirui, Chepngeno, alichukua kiazi changu cha kwanza akakigeuza akasema, "Mzee, hapa umemenya ama umechonga mwiko?" Nilirudia mpaka nikajua. Na sasa Anti yako amezoea. Jioni akishafunga mlango na kuteremsha pazia, ananisogezea karai na kisu bila kusema neno. Mama yako asijue.